Nani Ataubeba Mzigo? Ndondocha, Duka la Vyuma na Somo la Chiwata

Liko swali ambalo vijana wa siku hizi hupenda kuulizana kwa mzaha, nalo limetoka katika sinema za Kimarekani. Kama wafu wangefufuka leo wakaanza kuwavamia walio hai, nawe ukapewa nusu saa ndani ya duka la vifaa vya ujenzi, ungechukua nini? Mmoja husema panga, mwingine shoka, wa tatu nyundo yenye mpini mrefu. Mwenye tahadhari zaidi huongeza kamba, tochi, turubai na kofuli. Wazee wakisikia hutikisa vichwa, wakaona ni upuuzi wa watu walioshiba. Hata hivyo maswali ya kitoto yana faida moja, kwamba humfanya mtu ajibu kabla hajapata nafasi ya kujipamba. Anayetaja panga kabla ya ndoo amekwisha kutueleza anamwonaje jirani yake. Makala haya yanakusudia kulichukua swali hilo kwa uzito wake, na kulipeleka mahali ambapo liliwahi kuulizwa bila mzaha wowote: Chiwata, katika wilaya ya Masasi, ukingoni mwa uwanda wa juu wa Makonde, mwezi wa Novemba 1917.

Kwanza tumtambue adui tunayejiandaa kukabiliana naye. Neno zombi limetoka Haiti, ambako hadi mapinduzi yaliyoanza mwaka 1791 na kukamilika mwaka 1804, watumwa kutoka Afrika walilimishwa miwa chini ya Wafaransa kwa ukatili uliowaua kwa maelfu. Katika imani ya watu wale, zombi hakuwa dubwana la kuogopwa kwa meno yake. Alikuwa mnyonge aliyenyang'anywa roho, akatolewa kaburini na mtu mwenye uganga mbaya, akarudishwa shambani kufanya kazi. Kilichomtisha Mhaiti hakikuwa kukutana na zombi njiani, bali kufanywa zombi yeye mwenyewe. Yaani afe, na bado asipumzike.

Sinema ndizo zilizoipindua hadithi hiyo. Mwaka 1968 George Romero aliwaonyesha wafu wakiwala walio hai, na mwaka 1978 akaonyesha kundi dogo la watu waliojifungia ndani ya jumba la maduka, bidhaa tele ndani na wafu tele nje. Tangu hapo mdhulumiwa amegeuka kuwa mdhalimu, na aliyekuwa akiogopa kutumikishwa amefundishwa kuogopa umati. Mchezo huu umeenea kiasi kwamba Mei 2011 taasisi ya Marekani ya kudhibiti magonjwa ilitoa mwongozo wa kujiandaa na uvamizi wa zombi, ili kuwavuta vijana wafikirie vimbunga na matetemeko ya ardhi. Inafaa kukumbuka kuwa orodha ya mwongozo ule ilitaja maji, chakula na dawa kabla ya kufika kwenye zana. Na hata hapo, kisu cha kazi kilikuwamo, bunduki haikuwamo.

Kusini mwa Tanzania kiumbe huyu alijulikana kabla sinema hazijafika, na jina lake ni ndondocha. Kwingineko nchini humwita msukule. Husimuliwa kwamba mtu huonekana amekufa, akaliwa matanga, akazikwa. Kumbe kilichozikwa ni mgomba. Mwenyewe amechukuliwa na mchawi, amekatwa ulimi asiweze kusema, analishwa pumba, na usiku hutolewa kwenda kulima shamba la bwana wake. Mchana hujifungia, au hufungiwa, mahali pasipojulikana. Ndiyo maana jirani anapovuna magunia mengi kuliko nguvu za nyumba yake, watu hunong'ona. Makala haya hayaamini kwamba kuna mtu aliyewahi kufufuliwa hivyo, na hapo mbele tutaona madhara ya kuamini. Lakini imani ya watu wengi, hata ikiwa si kweli juu ya maiti, huweza kuwa kweli juu ya walio hai; na imani hii inasema jambo la kweli kabisa: kwamba nyuma ya utajiri usioelezeka pana mtu asiyeweza kusema.

Tazama sasa tofauti ya maswali mawili. Mtazamaji wa sinema akimwona mfu anatembea, huuliza: nitamuuaje? Mtu wa Masasi au Newala anaposimuliwa habari za ndondocha, huuliza: ni mtoto wa nani, na anamlimia nani? Swali la kwanza hujibiwa dukani. Swali la pili halina jibu juu ya rafu yoyote, maana linamtafuta mwenye shamba. Na zaidi ya hayo, swali la kwanza linamruhusu mwulizaji ajihesabu upande wa watu. La pili linamlazimisha ajiulize kama hamo katika orodha ya mabwana.

Sasa twende Chiwata. Katika vita vya kwanza vya dunia, jeshi la Wajerumani la Afrika Mashariki chini ya Paul von Lettow-Vorbeck lilisukumwa kusini mwaka hadi mwaka, hata baada ya mapigano makali ya Mahiwa mwezi wa Oktoba 1917 likajikuta limekusanyika Chiwata, na milima ya Umakonde nyuma yake. Kamanda yule akapiga hesabu ya akiba yake. Risasi zilikuwa chache. Chakula hakikutosha. Dawa ya kwinini ingewatosha Wazungu wake kwa kiasi cha mwezi mmoja tu. Basi akaamua kwamba vita vitaendelea, ila si pamoja na wote. Wagonjwa, majeruhi na wale waliodhaniwa hawatastahimili safari wakaachwa, mamia kwa mamia, wengine Chiwata na wengine Nambindinga, wachukuliwe na Waingereza waliokuwa wakiwafuata nyuma. Waliochaguliwa wakapanda uwandani, wakateremka hadi mto Ruvuma, na tarehe 25 Novemba 1917 wakavuka kuingia Msumbiji na kuishambulia ngome ya Wareno ya Ngomano, ambako walipata bunduki, risasi na dawa walizokuwa wamezikosa. Walikuwa Wazungu wapatao 300, askari Waafrika wapatao 1,700, na wapagazi maelfu.

Wakati huohuo, mbali sana, watu wengine walikuwa wakitayarisha orodha ya vifaa kwa ajili ya uwanda huohuo wa Makonde. Serikali ya Ujerumani ilikuwa imetengeneza zepelini, merikebu kubwa ya angani iliyoitwa L 59, iwapelekee askari wake shehena ya tani 15 hivi. Tarehe 21 Novemba ilipaa kutoka Jamboli, Bulgaria. Ndani yake mlikuwa na bunduki za rashasha, risasi laki kadhaa, bendeji na madawa, mapanga ya kufyekea pori na vifaa vya kushonea. Kwa kuwa haikutarajiwa kurudi, hata mwili wake ulipangiwa kazi: ngozi yake ya kitambaa ingeshonwa mahema na nguo, na mifupa yake ingejengewa. Pengine haijawahi kutokea katika historia duka la vifaa lililopangwa kwa uangalifu kama lile, likatumwa mzima mzima kupita juu ya bahari na jangwa. Lilipofika magharibi ya Khartoum likapokea ujumbe wa redio kwamba lirudi, kwa kuwa uwanda wenyewe ulikuwa umekwisha kupotea. L 59 ilitua Jamboli tarehe 25 Novemba, siku ileile ya Ngomano, baada ya saa 95 angani na mwendo wa zaidi ya kilomita 6,700, bila kumfikishia mtu yeyote hata kidonge kimoja.

Mtu akisoma habari hizi kwa haraka atavutiwa na ushujaa wa marubani au ujanja wa kamanda, kama vitabu vingi vya Ulaya vilivyovutiwa. Ila tuzisome kama msomaji anayetafuta ndondocha. Orodha za akiba zimehifadhiwa vizuri: kwinini kiasi hiki, risasi kiasi hiki, Wazungu idadi hii. Wapagazi ndio hutajwa kwa kukisia. Kila sanduku lililotoka Chiwata lilitoka juu ya kichwa cha mtu. Mtu huyo aghalabu alikamatwa kijijini kwake, akabebeshwa, akapewa chakula kidogo kuliko askari, akafa kwa kuhara au kwa homa kando ya njia, na mzigo ukahamishiwa kichwa kingine. Naye hakuwa na kwinini iliyohesabiwa kwa jina lake. Upande wa Waingereza haukuwa na heri zaidi. Wanahistoria hukadiria kwamba wapagazi waliokufa wakiwatumikia Waingereza katika vita vile wanakaribia laki moja. Jina la kikosi chao limebaki Dar es Salaam katika neno Kariakoo, lililotokana na matamshi yetu ya jina la Kiingereza la kikosi cha wapagazi. Leo mfanyabiashara wa Masasi anayetaka misumari, makufuli au mabomba kwa bei ya jumla huenda Kariakoo kuyafuata. Wachache wanaofungasha mizigo yao pale hukumbuka kwamba mtaa wenyewe umepewa jina la watu waliokuwa hawana hiari ya kuutua mzigo.

Hao ndio ndondocha wa Chiwata. Hawakuhitaji kukatwa ulimi, kwani hapakuwa na aliyewauliza lolote. Hawakuhitaji kuzikwa mgomba, kwani wengi wao hawakuzikwa kabisa.

Hapa pana mtu atakayepinga, na pingamizi lake si la kudharauliwa. Atasema: dhiki ikiwa ya kweli, na dawa ni ya watu mia wakati wagonjwa ni elfu, kugawana sawasawa ni kuua wote. Afadhali waokoke wachache. Mwaka 1974 Garrett Hardin, mtaalamu wa elimu ya viumbe wa Marekani, aliipa hoja hiyo sura ya mashua ya kuokolea watu: mashua ina nafasi zake, baharini wapo wengi wanaoogelea, na ukimpandisha kila anayeomba utazama pamoja nao. Huruma isiyo na hesabu, alidai, ni njia ya kifo.

Sisi wa visiwani hatuhitaji kufundishwa kwa mfano wa mashua. Usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011 meli ya Spice Islander ilizama kati ya Unguja na Pemba, imejaza watu kupita kiasi. Waliookoka wapo walioelea juu ya magodoro, yaani bidhaa za kawaida zilizopakiwa kwenda kuuzwa au kutandikwa nyumbani. Na wapo waliookolewa na vyombo vilivyotoka pwani ya Nungwi kuwatafuta. Mafunzo mawili yanapatikana katika msiba huo. La kwanza, waliotoka Nungwi hawakungoja kuhesabu nafasi, walikwenda. La pili ni zito zaidi: uhaba wa nafasi haukuletwa na bahari. Ulianzia gatini, pale watu wengi kuliko uwezo wa chombo walipopandishwa. Anayeianza hadithi katikati ya maji, kama Hardin, ameruka sura yote ya kwanza, ambamo ndimo mna wenye kuulizwa.

Ndivyo ilivyokuwa Chiwata. Hesabu ya kamanda ilikuwa sahihi kama hesabu. Kwinini haikutosha. Lakini haikutosha kwa kazi gani? Haikutosha kwa mwaka mwingine wa vita ambavyo mshindi wake hangepatikana Afrika. Laiti silaha zingewekwa chini pale pale, uhaba ungekwisha siku ile, maana waliokuwa wakija nyuma walikuwa na hospitali. Na ajabu ya mambo ni kwamba walioachwa ndio waliopata vitanda na dawa; waliochaguliwa kuokolewa wakatembea mwaka mzima, hadi tarehe 25 Novemba 1918, wiki mbili baada ya vita kwisha Ulaya, waliposalimisha silaha Abercorn, mji ambao leo unaitwa Mbala nchini Zambia. Katika mwaka ule walikula ghala za vijiji walivyovipitia, na wenye ghala wakabaki na njaa. Basi kabla ya kukubali kwamba dhiki inatulazimisha kuchagua nani afe, tuulize ni uamuzi gani ulioileta dhiki hiyo, na kama mwenye uamuzi hawezi kuubadili. Mara nyingi anaweza, ila hataki. Na kutotaka kwake hukiita ulazima.

Uwanda wa Makonde wenyewe una elimu ndefu juu ya kunusurika. Ukingo wake wa magharibi hupanda hadi kiasi cha mita 900, na juu yake palikuwa na vichaka vilivyoshonana, ambavyo mgeni hakuweza kuvipita bila kufyeka. Katika karne ya 19, misafara ya watumwa ilipokuwa ikipita kuelekea Kilwa, Lindi na Mikindani, na mashambulio ya Wangoni yakishuka kutoka magharibi, watu walipanda humo wakajificha. Mabonde hayakuwa salama. Mwaka 1876 Askofu Edward Steere alitoka Unguja na kundi la watumwa waliokombolewa, akawaweka Masasi waanze maisha mapya. Mwaka 1882 Magwangwara, ndio Wangoni hao, waliwavamia, wakaua baadhi na kuwateka wengine, na misheni ikalazimika kuhamia Newala, juu ya uwanda. Kwa hiyo kichaka cha Makonde kilikuwa ngome kweli, na panga lililofanya kazi kubwa pale halikuwa la kumkatia mtu. Lilikuwa la kufungulia njia na shamba.

Lakini ngome ile ilikuwa na bei yake, nayo ililipwa kwa maji. Juu ya uwanda hakuna mito. Mvua huzama mchangani na kutokeza chini kabisa, kwenye miguu ya magenge. Mwenye kiu aliteremka, akateka, akapanda. Kazi hiyo ilikuwa ya wanawake na watoto, mtungi kichwani, saa nyingi kila siku, kwa vizazi. Na hata baada ya mradi wa kusukuma maji kuanzishwa katika miaka ya 1950, pampu iliponyamaza mtungi ulirudi kichwani. Hapo ndipo hadithi ya kujificha inapotutazama usoni. Hata wanyonge waliokimbia kutumikishwa hawakuepuka swali letu: usalama huu umebebwa na nani? Tofauti ni kwamba swali hili wao waliweza kuulizana, kwa kuwa mbebaji alikuwa mke, mama na binti, na alikuwa na ulimi. Siku nyingi zilipita kabla hajasikilizwa. Lakini panapo ulimi pana tumaini.

Watu hao wana hadithi ya asili yao ambayo Karl Weule, mtafiti Mjerumani aliyekaa Newala mwaka 1906, aliiweka katika maandishi. Inasimulia kwamba hapo kale kulikuwa na kiumbe aliyeishi peke yake porini, hajawahi kuoga wala kunyoa, hajawa mtu bado. Akachonga sanamu ya mti, akaisimamisha kando ya makao yake, na usiku ikawa mwanamke hai. Wakaenda Ruvuma wakaoga. Mtoto wao wa kwanza, aliyezaliwa karibu na mto, alikuwa mfu. Wa pili, mahali pa juu kidogo, mfu. Wa tatu, aliyezaliwa juu kabisa vichakani, akaishi, na kizazi kikaagizwa kujenga juu, mbali na mabonde. Tuache mengine yote katika hadithi hii tuangalie jambo moja: hapa kifaa, pengine tezo au kisu, kimegusa mti, na mti ukawa mtu; na yule mchongaji naye, kwa kupata mwenzake, ndipo akawa mtu. Hadithi ya ndondocha ni kinyume chake kamili, maana humo mtu hukatwa ulimi akawa mpini wa jembe la mwingine. Nchi moja imezihifadhi hadithi zote mbili, kana kwamba ilijua kwamba chuma kina njia hizo mbili tu: ama kinatoa mtu katika mti, ama kinafanya mti kutokana na mtu.

Kabla hatujarudi dukani, pana hatari ya kutajwa waziwazi, ili asije mtu akadhani kwamba imani ya ndondocha ni salama kwa kuwa ina hekima ndani yake. Hofu ya visivyoonekana huishia juu ya mtu anayeonekana. Bara, vikongwe wengi wameuawa kwa macho yao mekundu ya moshi wa kuni. Nasi visiwani tusijitoe. Mwaka 1995, habari za popobawa zilipotoka Pemba zikaingia Unguja, watu walitoka vyumbani wakalala nje kwa makundi, wakiwasha moto na kukesha pamoja. Hilo lilikuwa jibu la kibinadamu. Hofu iliwakusanya majirani. Lakini katika siku hizohizo mgonjwa wa akili aliyetoka Bara aliuawa na umati mjini Unguja, akidhaniwa ndiye popobawa. Mgeni, mgonjwa, asiyeweza kujieleza: tazama jinsi alivyofanana na ndondocha. Waliojiandaa kukabiliana na dubwana hawakulipata dubwana, wakamkuta mtu, na silaha zilikuwa tayari mkononi. Hii ndiyo kasoro kuu ya silaha iliyonunuliwa kwa ajili ya adui wa kubuni, kwamba adui wa kubuni haji, na silaha huchoka kungoja. Wahenga walisema zimwi likujualo halikuli likakwisha. Walijua kwamba kinga ya kwanza ya mwanadamu ni kujulikana. Na aliye hatarini zaidi siku ya hofu ni yule ambaye mtaani hakuna anayemjua.

Basi tuingie dukani. Tuseme ni duka la kawaida la mjini Masasi, la vifaa vya ujenzi na vya shamba: mabati yameegemezwa ukutani, mifuko ya saruji chini, majembe bila mipini yamefungwa kwa waya, kamba za manila, ndoo, madumu, misumari ya kupimwa kwa kilo. Tuchukue nini?

Tuchukue panga, kwa kuwa pori lipo na kuni zinahitajika. Ila tulichukue kama walivyolichukua waliopanda uwandani. Tuchukue kofuli, lakini tukumbuke kwamba kofuli halijui upande: hufungia mwizi nje na hufungia ndondocha ndani, na mwenye ufunguo peke yake ndiye anayejua lipi kati ya hayo limefanyika. Tuchukue bati moja la kukunja mlizamu, kwa sababu mvua ya Umakonde hunyesha juu ya kila paa, na paa lenye mlizamu na pipa humpunguzia mtu safari ya genge. Bati hilo ni kitu kidogo, halimo katika orodha ya shujaa yeyote wa sinema, na ndilo pekee kati ya vifaa vyote linaloutua mzigo kutoka kichwa cha mtu badala ya kuuhamishia kichwa cha mwingine. Tuchukue kamba na roda, kwa ajili ya kisima na kwa ajili ya aliyetumbukia. Na kama upo msumeno mrefu wa kupasulia magogo, wenye mpini huku na huku, tuuchukue huo kabla ya shoka. Sheria husemwa kuwa ni msumeno, hukata mbele na nyuma. Lakini msumeno huu unafundisha jambo jingine, kwamba haukati kabisa bila wawili, na wa pili hawezi kuwa mtumwa, kwa sababu asiyetaka kuvuta anauzuia tu.

Kutokana na hayo kipimo chaweza kutungwa, nacho si kigumu. Mbele ya kila kifaa tuulize mambo matatu. Kitabebwa na nani? Kinamtua nani mzigo, au kinamtwisha nani? Na yule atakayekibeba, anao ulimi wa kusema hapana? Orodha inayoshinda maswali hayo ni orodha ya watu huru, hata ikiwa fupi. Inayoshindwa ni orodha ya Chiwata, hata ikiwa imepangwa kwa akili na kuandikwa kwa mwandiko mzuri. Nayo itaokoa wachache kwa gharama ya wengi wasiohesabiwa, kisha itaitwa ushujaa.

Inawezekana mtu akasema kwamba haya ni madai makubwa mno kwa mnunuzi wa misumari. La hasha. Vimbunga havisubiri tuwe wanafalsafa. Aprili 2019 kimbunga Kenneth kilipokuwa kikija kuelekea mpaka wa Tanzania na Msumbiji, wakazi wa Mtwara waliambiwa wahame mabondeni na mwambaoni. Kikapiga kaskazini ya Msumbiji, na hofu ikapita upande huu. Mei 2024 Hidaya ikasogea tena mwambao wetu. Siku kama hizo hazitakuja na wafu wanaotembea. Zitakuja na maji, giza, njaa na uvumi, na kila mmoja atajikuta mbele ya rafu, akiwa na fedha kidogo na muda mfupi. Usipoziba ufa utajenga ukuta, walisema wa kale, na ufa unaotangulia nyufa zote ni ule ulio katika hesabu yetu ya nani ni mtu. Mwenye kuuziba huo mapema, akalijua jina la mpagazi, la kikongwe na la mgeni wa mtaani kwake, ataingia dukani siku hiyo akijua anamnunulia nani ndoo. Asiyeuziba atatoka na panga.